Kwa Mama Kavinya, Uliyesema Huna Homa

Mwaka umetimia tangu ututoke, Mama Kavinya, na hapa Komarock bado wapo wanaosema ni baridi ya Julai iliyokuchukua. Mimi huwa siwajibu. Nikiwajibu itabidi nianze mbali, na wao wako njiani kwenda dukani. Kwa hiyo leo nakuandikia wewe, na wao wasome wakipenda.

Kavinya aliniambia tangazo la kumbukumbu huwa fupi: jina, picha, mstari wa Biblia. Picha tumeipata, ile ya harusi ya dadako Muthoki, ambamo ulicheka kabla mpiga picha hajawa tayari. Mstari wa Biblia nimewaachia wanawake wa kanisa. Maneno mengine ni yangu, na unajua mumeo nikianza kusimulia sijui breki ziko wapi.

Ulikuwa fundi wa nguo, na mtaa mzima wa Huruma ulivaa kazi ya mkono wako. Yunifomu za shule ndizo zilizokupa jina. Kila sketi na kila suruali uliiachia upindo mpana kwa ndani, ili mtoto akirefuka mama yake aje uushushe badala ya kununua nyingine. Nilikuambia unajinyima biashara. Ukanijibu, "Mtoto asikue kwa sababu mimi nataka kuuza sketi?"

Ulikuwa unaongea huku umebana pini kwa midomo, maneno yakitokea pembeni, na sisi tuliokuzoea tulielewa yote. Kanisani ulikuwa humwachi mtu aliyekaa mbele yako na kola iliyopinda. Mkono wako ulikwenda wenyewe, ukaikunja vizuri, ukaipigapiga, kisha ukaendelea kuimba. Mzee wa kanisa alishtuka siku ya kwanza. Baadaye akawa anainamisha shingo mwenyewe akisubiri.

Ruqiyo ndiye aliyekuuzia vitambaa miaka yote hiyo. Duka lake na kibanda chako vilipakana kule Huruma, na huku Komarock nyumba zetu zikapakana tena, mkawa mnaonana asubuhi hadi jioni na bado mna la kugombania. Yeye akikuita abaayo, yaani dada kwa Kisomali chao, na wewe ukimwita mwizi kwa sababu ya bei zake. Mteja mgeni alidhani mnachukiana. Aliyekaa kidogo aliona chai ikitoka upande mmoja na mandazi yakitoka upande wa pili.

Ugonjwa ulianzia kwenye vidole. Asubuhi ukawa huwezi kutunga uzi kwenye sindano, ukamwita mtoto wa jirani akutungie, ukamwambia macho yamezeeka. Hayakuwa macho. Daktari alisema ni lupus, kwamba kinga ya mwili imegeuka na kuanza kuupiga mwili wake wenyewe, na akakupa dawa za kuipunguza nguvu hiyo kinga. Vidole vikalegea, ukarudi kwenye cherehani, tukashukuru Mungu.

Lakini dawa zile zikakujaza uso. Mashavu yakawa ya mviringo, shingo ikanenepa, na mitaa yote ya Eastlands ikatoka kutupongeza. "Mama Kavinya, umenona! Maisha imekukubali!" Na mimi wakinipiga begani: "Mzee, unamlisha nini huyu?" Nilizipokea hizo pongezi kama mtu aliyezitolea jasho, na wewe ukanifinya chini ya mkono. Tulipofika nyumbani ulicheka mpaka ukakaa chini. "Wacha waseme," ukaniambia. "Heri wanione mnono kuliko waanze kunionea huruma."

Kisha mwaka juzi ile nimonia ikakukuta kinga ikiwa imepunguzwa hivyo. Kutoka kifuani iliingia kwenye damu, ukalazwa chumba cha wagonjwa mahututi, na Kavinya na mimi tukajifunza kulala kwa zamu kwenye benchi moja. Hatukuwa tumewahi. Ulipotolewa ile mipira kooni tulikuinamia tusikie neno lako la kwanza. Ulishika ukingo wa shuka la hospitali, ukauliza, "Nani ameshona hii?"

Tulidhani tumevuka. Kumbe ugonjwa ulikuwa umeondoka na kitu. Picha ya tumbo waliyokupiga ilionyesha wengu umesinyaa, damu haikuwa ikiufikia vizuri wakati ule ulipokuwa mahututi, na sasa hauwezi kazi tena. Mimi na umri wangu huu sikuwa nimewahi kuufikiria wengu wa mtu. Wa mbuzi naujua, ile nyama bapa ya rangi ya zambarau inayochomwa mapema wakati wengine wanasubiri mbavu. Sikujua kwamba ndani yetu unachuja damu na kukamata vijidudu kabla havijaenea.

Kule kliniki daktari alieleza kwa Kiingereza, taratibu, na Sista Wakiuru akatugeuzia maneno tuelewe wote. Yule muuguzi alikupenda, unakumbuka, kwa sababu ulimrekebishia mfuko wa koti lake ukiwa bado na sindano ya maji mkononi. Alisema kuna chanjo utapigwa. Alisema kuna kidonge cha kila siku, usikiache. Kisha akakushika mikono yote miwili, akakwambia lile neno.

"Mama, ukipata homa, usingoje hata saa moja. Meza hivi vidonge vya dharura, na ukuje hapa hapo hapo. Homa kwako si mchezo."

Ukasema, "Nimeskia, sista. Homa."

Na kweli ulisikia. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe ulisikia la mkuu, ukalishika, ukalifuata kama dereva mgeni anavyofuata alama za barabara, na guu likavunjika vilevile. Hilo ndilo ambalo mwaka mzima sijaweza kulimeza.

Maana sisi wa huku homa tunaijua. Homa ni pua kuvuja. Homa ni kupiga chafya, koo kuwasha, kikohozi, leso mfukoni. Watu wa Pwani wana neno lao, wanasema mafua, na homa wanaiacha iwe ni mwili kuwaka. Sisi wa Eastlands tumekusanya vyote tukavitia kwenye homa moja, na ukisema una homa mtu anakuletea tangawizi na ndimu. Hakuna aliyelifikiria jambo hilo siku ile. Daktari alimaanisha joto, Wakiuru akasema homa, wewe ukasikia kamasi. Wote mkaitikia kwa kichwa, na mimi pia nikaitikia.

Zilipokuja mvua za Aprili ukapiga chafya. Kabla sijamaliza kusema "pole" ulikuwa umemeza vidonge vya dharura na kufunga mkoba. Abdiqadir, mumewe Ruqiyo, akakupeleka na gari lake. Wakakupima, wakakuangalia kifua, na Wakiuru akacheka kwa mapenzi. "Mama, hii ni homa tu ya kawaida. Lakini umefanya vizuri sana kukuja." Ona, hata yeye, neno lile lile, kinywa kile kile. Alipokuwa akisema na mgonjwa, homa ilikuwa joto. Alipokuwa akisema na jirani, homa ilikuwa mafua. Hakusikia tofauti yake, na kwa nini aisikie, naye alizaliwa Kariobangi, huku huku kwetu.

Ukarudi ukijisifu. Ukaniambia kliniki nzima inakutolea mfano kwa utiifu. Pua ilipovuja tena Juni, ukaenda tena, wakakurudisha tena na sifa zako. Ruqiyo akakutania, "Wewe abaayo unapenda hospitali kama mtu ana bwana huko." Ulimrushia kipande cha chaki.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Nilikuwa mjini Mwingi na lori, nashusha mchele wa jumla kwa wenye maduka. Nairobi kulikuwa na ile baridi ya Julai isiyo na jua, ambayo kila mtu huamka akitetemeka na hakuna anayejiuliza kwa nini. Ulimwambia Ruqiyo akiwa getini kwamba leo huendi Huruma. Yeye mwenyewe amenisimulia mara nyingi, na kila mara analia mahali pale pale.

"Vipi, abaayo, uko na homa?"

"Hapana, sina homa. Hata kamasi sina. Ni hii baridi imeniingia kwa mifupa."

"Walahi hauna homa?"

"Angalia pua yenyewe, imekauka. Enda ufungue duka, wateja wasikungoje."

Kavinya akakupigia kutoka kwake Lucky Summer. Yeye pia, mtoto wako, akauliza swali hilo hilo.

"Mum, uko na homa?"

"Zii, sina. Nimejifunika tu, natetemeka kidogo. Itaisha nikinywa chai."

Kisha nikakupigia mimi, nikiwa nimesimama kando ya lori. Nilikuuliza kama una homa. Ulicheka kidogo, sauti ikiwa imechoka, ukasema, "Baba Kavinya, ningekuwa na homa si ungeniskia kwa simu? Pua yangu iko sawa. Uendeshe pole pole." Nikatulia kabisa. Wewe hukuwa mtu wa kuficha ugonjwa, na hukuwa ukificha. Ulituambia ukweli sote watatu. Neno ndilo lililotusaliti.

Ruqiyo alifunga duka mchana kwa sababu hukuwa ukishika simu. Alikukuta umejifunika blanketi zote za nyumbani, mwili unachemka kama sufuria, unaongea na mteja asiyekuwepo, unamwambia asogee karibu umpime kiuno. Vidonge vya dharura vilikuwa kabatini, pakiti haijaguswa. Abdiqadir aliendesha huku taa za hatari zikiwaka. Kliniki waliwahi kukuwekea dawa kwenye mshipa, hospitali kuu wakapigana nao kwa kila walichokuwa nacho, lakini vijidudu vilikuwa vimetangulia tangu asubuhi, na hapakuwa na wa kuvikamata njiani. Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, ukaenda. Nilifika nikiwa bado na vumbi la mchele kwenye nguo.

Ulizikwa kwenu Kangundo, watu wakajaa mpaka barabarani. Wengi walivaa nguo ulizozishona wewe. Nilisimama pale nikaangalia mapindo.

Baada ya hapo watu walirudi kazini kwao, kama ilivyo haki. Matanga yana wiki zake. Simlaumu mtu.

Ila nikwambie mambo yalivyo hapa, kwa kuwa ulikuwa unapenda habari zote. Nimegundua kwamba sina marafiki, Nzilani, nikuite kwa jina lako. Nilidhani ninao. Kumbe walikuwa wako, na mimi nilikuwa nikipata salamu za pembeni. Nikipita dukani wananiita Mzee wa Mama Kavinya, kisha wanakumbuka, wanashusha macho, wanahesabu mikate. Jina langu mimi hawalijui. Miaka yote hiyo nilikuacha wewe uongee kwa niaba ya nyumba, sasa nyumba imekuwa bubu.

Barabarani ndiko kubaya zaidi. Ulikuwa unanipigia kila mji. Umefika wapi? Matuu. Umekula? Bado. Kula. Kisha Kithyoko, kisha Mwingi, maneno yale yale, na mimi nikilalamika kwa utingo kwamba mke wangu ananifuatilia kama mzigo wa serikali. Sasa napita Matuu na simu iko kimya. Siku hizi huwa nasema kwa sauti, "Nimefika Matuu." Utingo wangu wa zamani aliacha kazi, huyu mpya anadhani naomba. Namwacha adhani hivyo.

Suruali yangu ya kijivu ilifumuka upindo. Niliipeleka kwa fundi mmoja hapa Komarock akanishonea na uzi mweusi. Kijivu, kwa uzi mweusi! Niliifumua mwenyewe nyumbani. Naivaa hivyo hivyo, mguu mmoja mrefu, na Jumapili hakuna anayeniambia lolote kwa sababu wananionea huruma. Sipendi kuonewa huruma. Ulikuwa na akili kuliko mimi kwa jambo hilo.

Kavinya huja na wajukuu wako mwisho wa wiki anapoweza. Ananipikia vyakula vya siku tatu, ananipangia kabati vibaya, analia akiosha vyombo akidhani maji yanaficha. Hatukulitaja neno lile kati yetu kwa muda mrefu. Mjukuu akipiga chafya tunasema ana mafua, kama Waswahili wa Lamu, na mtoto anatushangaa.

Nilikuwa nimekaa na hasira miezi kadhaa, sijui nimpe nani. Mwisho nikaenda kliniki. Sikwenda kugomba, nakuapia. Nilimkuta Wakiuru, nikamweleza jinsi ulivyotujibu siku ile, kila mmoja wetu. Nilipofika kwenye "hata kamasi sina" aliweka mkono mdomoni.

"Mzee," akasema, "ni mimi nilimwambia homa."

"Na ni sisi tulimwuliza homa," nikamwambia. "Sote watatu. Na mimi nikiwa wa mwisho."

Alilia, nikamwambia asilie, halafu nikalia mimi. Daktari alitoka chumbani mwake akatukuta hivyo. Tulipomweleza hakujitetea. Alivuta kiti akakaa na sisi, akasema amesoma miaka mingi kutamka majina ya vijidudu, na hakuna siku alimwuliza mgonjwa, "Wewe ukisema homa unamaanisha nini?" Nikamwambia hata mimi nimelala na wewe miaka thelathini na kitu na sikuwahi kukuuliza.

Tangu hapo pale kliniki wameacha kusema homa kwa wagonjwa wa aina yako, wale waliopunguziwa kinga, na wale ambao wengu wao haufanyi kazi. Wanauliza: Mwili unachemka? Unatetemeka? Umepigwa na baridi ambayo blanketi haiondoi? Na wanamwambia mgonjwa ayarudie kwa maneno yake mwenyewe kabla hajatoka mlangoni. Wakiuru alinionyesha. Nilisimama kwenye kizingiti cha mlango nikamsikia akimwuliza mzee mmoja, na yule mzee akajibu, "Kama ile baridi ya malaria, ata kama pua iko sawa." Wakiuru akageuka akaniangalia. Nikatoka nje.

Mwezi wa tano akanipigia simu. Alisema kuna mama wa Huruma alikuja asubuhi hiyo akitetemeka, pua kavu, hana kikohozi, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba hana homa. Wengu wake uliharibika kama wako. Aliletwa na kile alichokuwa ameambiwa: kwamba kutetemeka peke yake kunatosha. Hata benchi hakukalia. Dawa iliingia kwenye mshipa kabla hajamaliza kutaja jina. Amepona. Amesharudi kwa watoto wake, anauza mboga kama kawaida.

Nilimwambia Wakiuru, "Mungu ashukuriwe," na nilimaanisha. Nilikata simu. Kisha nikakaa upande wako wa kitanda nikalia kwa hasira, Nzilani, kwa sababu nilitaka yule mama awe ni wewe. Sikutaka mwingine. Nilijionea aibu, na aibu haikunizuia. Hata leo, nikiandika haya, nafurahi kwa ajili yake na bado nataka iwe ni wewe.

Jumamosi tutakwenda Kangundo kukusafishia kaburi. Wanaokukumbuka ni mimi mumeo, Wathome, nilitaje jina langu leo watu walijue, bintiyo Kavinya na mumewe Bwire, pamoja na wajukuu wako wa Lucky Summer, dadako Muthoki, na jirani zetu Ruqiyo na Abdiqadir, ambao si wa damu lakini wamekataa kuachwa nje ya tangazo hili.

Haitapita siku tusiyokukumbuka, Mama Kavinya, mpaka nasi tuje. Yule mama wa Huruma simjui hata kwa sura. Namwombea aishi sana. Aishi miaka yake, na ile iliyokuwa yako.